Kumuenzi Mchezaji wa Ridhaa: Utangulizi

Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa soka wa Tanzania. Tangu ligi ilipoanza mwaka 1965, kombe hilo halikuwahi kulala nje ya Dar es Salaam. Sunderland, ambayo leo ni Simba, Cosmopolitan na Yanga walikuwa wakipokezana wao kwa wao. Kwa mji ulio chini ya safu ya Uluguru lilikuwa jambo kubwa mno. Hata hivyo, anayetaka kuandika leo habari za vijana wale atahangaika sana kabla ya kupata ukurasa mmoja mzima uliowahi kuandikwa juu ya yeyote kati yao.

Mji huohuo haujamsahau Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965, wala Mbaraka Mwinshehe, aliyevuma na Morogoro Jazz na kufariki mwaka 1979. Si kwamba watu wa Morogoro waliupenda muziki kuliko mpira. Gitaa la Mbaraka liliingia kwenye santuri, na santuri zipo hadi leo. Kanzu aliyovishwa beki katika Uwanja wa Jamhuri haikuingia popote. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994. Kabla ya hapo mechi ilisikika redioni, ikaisha, na kilichobaki kilibaki vichwani mwa waliokuwepo.

Karibu, basi, katika historia ya michezo, na hasa kwenye kona yake hii inayouliza jinsi jamii inavyowaenzi wachezaji ambao hawakulipwa kwa kucheza. Naomba uingie ukiwa na wazo moja ambalo kila kitu kinachofuata kinalitegemea: kwa mchezaji wa ridhaa, kumuenzi na kumchunguza ni kazi moja. Mchezaji wa kulipwa ana mkataba, ana takwimu, ana picha za video. Ukitaka kumpa tuzo unazikusanya tu. Huyu wetu hana. Ukimwita jukwaani na kumkabidhi ngao bila kuthibitisha alifanya nini, umemheshimu kwa uvumi, na pengine umemnyima haki mwenzake aliyefanya zaidi.

Ushahidi tuutafute wapi? Mwanafunzi mgeni hukimbilia ofisi za chama cha mpira, akatoka mikono mitupu. Mimi namshauri aanzie kazini kwa mchezaji. Soka la Morogoro lililelewa na waajiri. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika mjini mwaka 1907, na miongo kadhaa baadaye timu ya Reli ndiyo iliyopewa jina la Kiboko ya Vigogo, kwa jinsi ilivyowasumbua wakubwa wa Dar es Salaam. Tumbaku ilikuwa timu ya kiwanda, Polisi ya jeshi lao, na kule Turiani, chini ya milima ya Nguru, Mtibwa ilizaliwa na kiwanda cha sukari. Namba tisa unayemtafuta ameandikwa mahali kama fundi, karani au dereva. Ameandikiwa tarehe ya kuajiriwa, ya kuhamishwa, ya kustaafu. Tarehe hizo zinaweza kukuonyesha kama simulizi la mechi fulani linawezekana au haliwezekani. Na kwa watu wa reli, kumbuka kwamba Shirika la Reli Tanzania liliundwa mwaka 1977, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Kabla ya hapo reli ilikuwa ya nchi tatu na makao yake makuu yalikuwa Nairobi, kwa hiyo maisha ya winga wa Morogoro yanaweza kukulazimu kuvuka mpaka.

Baada ya hapo ndipo tunakwenda kwa wazee wenyewe, tukiwa na maswali yaliyoshiba. Kumbukumbu ya mpira ina upendeleo wake. Humkumbuka mfungaji na kumsahau beki. Hukumbuka mechi za Simba na Yanga, huku mechi ishirini dhidi ya timu za mikoani zikiyeyuka. Aliyehamia Dar es Salaam anakumbukwa kuliko aliyebaki, hata kama aliyebaki ndiye aliyemfundisha. Mtafiti makini husikiliza kwa heshima, kisha anafungua magazeti ya wakati ule, Uhuru na Mzalendo, ajue wapi simulizi na chapisho vinakubaliana. Pale visipokubaliana, asikimbilie kumwona mzee muongo, kwani mwandishi wa habari naye aliweza kukosea.

Waliotutangulia wametuachia njia nzuri. Laura Fair alionyesha mwaka 1997 jinsi soka la Zanzibar ya wakoloni lilivyofungamana na siasa na maisha ya mtaani. Tadasu Tsuruta alichambua Simba na Yanga sambamba na kukua kwa Dar es Salaam, na Peter Alegi akaandika historia ya soka la bara zima. Kazi zao nazithamini sana, ila zinatuonyesha pia pengo: miji ya bara, yenye timu za viwanda na stesheni, bado haijapata haki yake.

Swali la namna ya kuenzi ndilo linalonivutia zaidi, na hapa kutazama mbali kunasaidia. Wamarekani, katika ule mpira wao wa kukimbia na mpira mkononi, walifungua Ukumbi wa Mashujaa mjini Canton, Ohio, mwaka 1963, wakaanza na watu 17. Mchezaji husubiri miaka mitano tangu astaafu, kamati inampima, na akipita anachongewa sanamu ya shaba ya kichwa chake. Mmoja wa wale 17 ni Jim Thorpe. Huyu alishinda medali mbili za dhahabu katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, akanyang'anywa kwa sababu aliwahi kupokea fedha kidogo za kucheza besiboli. Ilichukua hadi mwaka 2022 kumrejesha kikamilifu kama mshindi pekee. Kisa chake kinatuonya kwamba sheria za ridhaa ziliwaumiza wale wasiokuwa na mali, na kwamba mtafiti anayegundua mchezaji wetu alipewa baiskeli au chumba cha kulala na kiwanda asimshushe hadhi kwa hilo.

Wamarekani pia hustaafisha nambari ya jezi, isivaliwe tena. Chicago Bears pekee imestaafisha 14. Heshima hiyo naielewa, lakini siioni ikikaa vizuri Uluguru. Kwa Waluguru jina kubwa linarithiwa. Ukoo hufuata upande wa mama, na cheo cha kichifu cha Kingalu kule Kinole kimeendelea kwa mtu mwingine kulichukua jina na wajibu wake. Ningependa kuona jezi ya mchezaji mahiri wa Reli ikikabidhiwa kijana wa leo mbele ya mwenye jezi mwenyewe angali hai, kijana akiwa amesimuliwa yote aliyoyafanya mzee huyo. Mbegu ya namna hiyo ipo tayari Turiani. Mtibwa Sugar, mabingwa wa mwaka 1999 na 2000, wamewapa wachezaji wao wa zamani benchi la ufundi: Mecky Mexime, Salum Mayanga ambaye baadaye aliifundisha Taifa Stars, na Zuberi Katwila aliyekuwa kocha timu ilipobeba Kombe la Shirikisho mwaka 2018. Kukabidhiwa timu ni heshima nzito kuliko ngao.

Taifa nalo limewahi kuenzi kwa njia zake. Jellah Mtagwa, mmoja wa wachezaji wa Taifa Stars iliyocheza fainali za Afrika mwaka 1980 kule Lagos, aliwekewa sura yake kwenye stempu ya posta. Joel Bendera, aliyekuwa kocha wakati Peter Tino alipofunga bao la Ndola mwaka 1979 lililotupeleka huko, alikuja kuwa mkuu wa mkoa wa Morogoro. Lakini hao walikwisha kufika timu ya taifa. Somo letu linaanza chini yao, kwa wale walioishia ngazi ya mkoa. Wamo pia wanawake wa netiboli waliochezea mashirika hayohayo, ambao hata kwenye mabonanza ya maveterani ni nadra kuitwa.

Kama unataka kuanza wiki hii, tafuta picha moja ya timu. Magazeti yetu yana desturi njema ya kuandika chini yake, kutoka kushoto, waliosimama, kisha waliochuchumaa. Ipeleke kwa watu watatu ambao hawajakutana karibuni, mmoja mmoja, umwombe kila mmoja akutajie majina yote, kazi ya kila mtu, na mtaa alikokuwa akiishi. Waulize pia kuhusu aliyeshika mkoba wa dawa na aliyekaa pembeni bila jezi. Andika majibu yalivyotoka, yakiwamo yanayopingana, weka tarehe na jina la msimulizi, na umpe nakala yake.