Sungura Hana Kinu
Leo tuko na wenye sungura, hasa nyinyi watoto mnaowapa majina na hamtaki kusikia habari za kisu.

Mwaka jana nilimpa wangu majani mabichi ya muhogo, maana nyumbani tunayala. Asubuhi nikamkuta amekauka. Mama akaniuliza, "Wewe sombe unakula mbichi?"

Sombe, au kisamvu kama wasemavyo wenyeji, ina sumu. Sisi tunaitwanga na kuichemsha vizuri, sumu inapungua. Sungura hana kinu. Tena hawezi kutapika, akishameza amemeza.

Basi karibu na banda usipande muhogo, nyanya, viazi mviringo wala vitunguu. Majani ya parachichi nayo usimpe, yanadhuru moyo wake.

Panda matembele. Kata marando ya sentimita 30 hivi, uyachomeke kwenye gunia lenye udongo na samadi. Gunia linatosha hata pale mlangoni pasipo na shamba, na majani ya chini mtakula nyinyi. Sukuma wiki mpe kidogo, ikizidi tumbo linajaa gesi. Chakula chake hasa ni nyasi, zisizopuliziwa dawa. Mavi yake yarudishe guniani.

Akikataa kula nusu siku, usingoje kesho. Mtafute mhudumu wa mifugo.

Baada ya wimbo huu, matangazo ya maji.