Msahafu wa Baba na Karatasi za Marekani

Alasiri moja, watu ndiyo kwanza watoka msikitini, bi mmoja jirani yangu wa Mji wa Kale, Mombasa, alinipigia hodi. Kwapani ana bahasha ya kaki, mkononi ana msahafu uliofungwa kwa leso kuukuu. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kitako, kisha akanipa ile bahasha. "Karatasi hini yasemani, mwanangu?"

Mimi, msomaji mpenzi, ni mtunzi wa mashairi na mwandishi wa gazeti. Lakini mtaani petu mtu akishajulikana kuwa ana kalamu, basi huwa karani wa kila mtu. Ajuaye vina na mizani, wao husema, fomu itamshindaje?

Karatasi ilitoka Marekani. Mwanawe alikwenda huko kusoma, akaoa, akapata kazi, akapata na uraia, na sasa amemwombea mama yake akakae naye. Ombi lenyewe, fomu namba I-130, lilikwisha kukubaliwa. Kilichobaki ni bibi kuleta ushahidi wa mambo ambayo kwetu hayajapata kuhitaji ushahidi: ya kwamba yeye ni yeye, alizaliwa siku fulani, na kijana yule ni mwanawe wa kumzaa.

"Cheti cha kuzaliwa sina," akasema. "Lakini baba aliniandika."

Akaufungua msahafu. Katika ukurasa wa mwisho, kwa herufi za Kiarabu na wino uliogeuka rangi ya kahawa, marehemu baba yake alikuwa ameandika majina ya wanawe tisa, mmoja chini ya mwingine. Mbele ya jina la bibi imeandikwa 12 Mfungo Sita 1373, usiku wa Maulidi. Nikapiga hesabu, ikaangukia Novemba 1953. Kitambulisho chake na pasipoti aliyoendea Makka vyote vinasema 1954.

Wazee wengi wa pwani hii hawakuandikishwa popote walipozaliwa, ila katika misahafu na katika vichwa vya wakunga. Cheti chaweza kupatikana leo, ukifuata utaratibu wa waliochelewa, na bibi alikipata. Lakini maofisa wa Marekani, waonapo cheti kilichotolewa miaka sabini baada ya mtoto kuzaliwa, aghalabu hutaka na ushahidi wa pembeni: karatasi za shule, au hati za kiapo za watu wanaoijua habari hiyo kwa yakini yao. Sasa mtu wa miaka 72, nani aliye hai aliyekuwapo siku ya kuzaliwa kwake? Tulitafuta hata tukampata shangazi yake mmoja kule Lamu, ajuza wa karibu miaka tisini, akatia dole gumba mbele ya wakili. Tarehe tuliiacha ile ya pasipoti, ili karatasi zote zisome mamoja, na hitilafu ya msahafu tukaieleza waziwazi. Lililo baya kwa wale mabwana si kosa, ni kuficha kosa.

Fundo hasa lilikuwa katika jina. Sisi majina yetu yaliandikwa kwanza chuoni kwa herufi za Kiarabu, kisha yakaandikwa tena na makarani wa serikali ya kikoloni, kila mmoja kwa sikio lake. Athman akawa Othman, akawa Uthman, akawa Asmani. Saleh akawa Swaleh. Baba wa bibi huyu ana majina matatu katika karatasi tatu, na marehemu alikuwa mtu mmoja tu. Juu ya hayo, Mmarekani hutaka jina la ukoo, nasi hatuna desturi hiyo. Mtu wetu hubeba jina lake, la baba yake na la babu yake. Kwa hiyo jina la mwisho la kijana ni la babu mzaa baba, na la mama yake ni la babu yake mwingine kabisa. Kwetu hiyo ndiyo nasaba iliyonyooka. Mezani kwa ofisa asiyetujua, ni watu wawili wasiohusiana. Kinachowaunganisha ni cheti cha kuzaliwa cha kijana, penye jina la mama. Na hapo ndipo karani mmoja zamani alipoacha herufi mbili.

Kwa hivyo nawasihi wenye wana ng'ambo, fomu ile ina mahali pa kuandika majina mengine ambayo mtu amepata kuitwa. Yaandikeni yote. Karatasi iliyokosewa isahihishwe hapa nyumbani mapema, si wiki moja kabla ya kuitwa Nairobi.

Tuseme kidogo habari ya sheria yenyewe. Msingi wake ni wa 1952, ukageuzwa sana 1965. Raia wa Marekani aliyetimiza miaka 21 aweza kumwombea baba au mama, na wazazi hawapangi foleni ya miaka, kama vile mke, mume na watoto wasiooa walio chini ya miaka 21. Ndugu wa tumbo moja naye aweza kuombewa, lakini fungu lao ni viza 65,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Mwaka 2025 walikuwa wakifikiwa walioombewa mwanzoni mwa 2008. Mtoto aliyekuwa chuoni wakati ule sasa ana watoto wake.

Anayemwita jamaa yake pia hutia saini ya udhamini, fomu I-864, akionyesha pato lisilopungua asilimia 125 ya kile wanachokihesabu kuwa ni kiwango cha umaskini. Saini hiyo haifi kwa talaka, na vijana wetu waijue kabla ya kuoa kwa haraka. Na tukitaja ndoa, liko jambo la hizi nikaha za simu. Kijana yuko kule, ameweka wakili wa kumkubalia, mke yuko Kibokoni, kadhi ameandika, watu wamekula pilau. Kwa dini yetu ndoa imesihi. Kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani, ndoa ambayo wawili hawakuhudhuria pamoja haihesabiwi mpaka wakutane baadaye kama mume na mke. Wako waliorudishwa kwa sababu hiyo, na bibi harusi akafunga masanduku mara mbili.

Uraia nao ni safari nyingine. Aliyepata kadi ya kijani hungoja miaka 5, au 3 akiwa anaishi na mume au mke aliye raia, kisha hutahiniwa Kiingereza na habari za nchi. Mzee aliyetimiza miaka 55 na kukaa huko na kadi yake kwa miaka 15 husamehewa Kiingereza, akajibu kwa lugha yake. Bibi alinitazama akacheka: atakuwa na miaka 87, na Kiswahili hakijamtoka. Nikamwambia pia kwamba tangu Katiba ya 2010 Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine. Hilo lilimpendeza. Lililomchukiza ni kwamba kadi ile haikubali mtu kwenda na kurudi apendavyo, kama majahazi kwa kusi na kaskazi. Ukikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali, waweza kuambiwa umeihama.

Akachukua cheti cha tabia njema, naye hajapata kugombana hata na mwuza samaki. Alama za vidole zilisumbua, maana vidole vilivyokuna nazi miaka hamsini havina michoro mingi tena. Akapanda gari moshi mpaka Nairobi, akapigwa picha ya kifua, akachanjwa, na siku ya mahojiano ubalozini akaenda na msahafu wake. Ofisa, anasimulia, aliuangalia ukurasa ule kwa muda, akamwuliza wale wanane wengine wako wapi. Akamtajia mmoja mmoja, waliokufa na walio hai. Baada ya wiki chache viza ikaja.

Nilidhani kazi yangu imekwisha. Siku ya pili akarudi, safari hii na binti wa miaka kumi na mmoja, mtoto wa mpwa wake aliyefariki, aliyemlea tangu arubaini haijaisha. "Na fomu ya huyu ni ipi?"

Niliitafuta fomu hiyo, msomaji, siku tatu. Haipo. Mzazi aombewaye na mwanawe hasafiri na mtoto chini ya karatasi yake, hata angekuwa wa kumzaa. Na huyu ni wa kulea. Sisi hatumgeuzi nasaba mtoto wa kulea. Sura ya Al-Ahzab imeliweka wazi jambo hilo, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 imeitambua kafala yetu. Lakini sheria ya uhamiaji ya Marekani yataka mtoto awe ameasiliwa kisheria kabla ya miaka 16, na kafala wanaiona ni ulezi tu. Kwa hiyo kile tulichokifanya kwa kuilinda nasaba ya yatima ndicho kinachomwacha forodhani.

Nilimweleza hayo polepole. Hakulia. Alimwambia binti akanunue mahamri, na alipotoka akaniuliza kama mwanawe huko Marekani atakasirika. Nikasema sijui.

Kisha akaufungua msahafu kwenye ukurasa ule, akaniomba niliandike jina la binti chini ya yale tisa, na jina la baba yake mzazi, na mwezi aliozaliwa. Nikaandika kwa herufi za Kiarabu, mkono ukinitetemeka, maana haukuwa umeandika hivyo tangu niache chuo. Viza ina muda wa miezi sita. Minne imekwisha kupita, na tikiti hajanunua.