Karte ya mtoto wa mchimbaji: dola milioni 12,6

Mwezi wa nane 2022, kule Marekani, mtu mmoja alilipa dola milioni 12 na elfu 600 kwa kununua karte moja. Karte ya karatasi ngumu, yenye picha ya mchezaji wa baseball. Urefu wake sentimita 9 na nusu, upana haufike 7. Inaingia mu mfuko wa shati, na nafasi ya kalamu inabakia.

Sisi wa sendika tumezoea kusikia bei kubwa. Kila asubuhi kuna mwenzetu anafungua telefone kuangalia kobalti imefika ngapi mu London. Lakini hii ilitushinda. Siku tulisoma hiyo habari tulikuwa mu mapumziko ya mkutano, tukingoja chai. Mwenzetu mmoja wa atelye akaipitisha telefone mkono kwa mkono. Mzee mmoja wa fonderi akavaa miwani, akaangalia, akaturudishia: « Karatasi? Nyinyi mnanichezea. » Kijana mmoja akauliza kamyo ngapi za kobalti zingelipa hiyo karte. Tulianza kufanya hesabu nyuma ya kopo ya karatasi, tukaiacha katikati.

Tulipoenda kutafuta zaidi, tulipata jambo ambalo hatukulitazamia. Ukichukua karte mbili za baseball zenye jina kubwa kuliko zote kwa wakusanyaji, ya kwanza ni ya mtu aliyeshuka mu mgodi wa makaa ya mawe akiwa na miaka 12. Ya pili ni ya mtoto wa mchimbaji wa risasi na zinki. Njo maana, wandugu, tukaona hii habari inatuhusu sisi pia.

Kwanza tueleze hizo karte. Baseball ni ule mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo, na Wamarekani wanaupenda sawa vile sisi tunapenda football. Zamani kampuni za tumbaku zilikuwa zinaweka picha ya mchezaji ndani ya paketi ya sigara. Karatasi inakaza paketi, na mnunuzi anarudi kesho kutafuta picha ingine. Baadaye kampuni za chingamu zilifanya vilevile kwa ajili ya watoto. Wenye umri wetu wanakumbuka picha za Panini za kubandika mu kitabu. Hata Leopards wa Zaïre walitokea mu kitabu ya Panini ya Kombe la Dunia 1974.

Karte ya milioni 12,6 ilitolewa na kampuni Topps mu 1952, pamoja na chingamu, kwa senti chache. Ni namba 311, na picha ni ya Mickey Mantle wa New York Yankees. Ile sehemu ya mwisho ya karte ilitoka wakati msimu ulikuwa unaisha, watoto wakiwa wameshageukia mchezo mwingine. Wenye maduka hawakuitaka. Makarto yakabakia mu depo ya Topps kule Brooklyn miaka na miaka, yakila vumbi. Karibu na 1960 yule aliyezitengeneza, Sy Berger, alitaka nafasi mu depo. Alijaribu kuziuza bei ya chini kabisa, hakupata mtu. Basi akapakia mu boti kubwa, akaenda kuzimwaga mu bahari ya Atlantiki. Ziko kule chini mpaka leo. Sisi tunaoona wachimbaji wakirudia mabaki ambayo kampuni ya zamani ilitupa, na kupata ndani yake mkate, tunaelewa vizuri: takataka ya mtu wa jana inaweza kuwa mali ya mtu wa leo. Ila mu bahari, hakuna wa kwenda kuokota.

Sasa Mickey Mantle ni nani? Alizaliwa 1931 mu Oklahoma, akakomalia mu mji mdogo wa Commerce, mu eneo la migodi ya risasi na zinki. Baba yake, waliyemwita Mutt, alikuwa mchimbaji. Akitoka kazini, na vumbi lake lote, alikuwa anamtupia mtoto mpira mpaka giza linaingia, pamoja na babu, ili mtoto ajue kupiga kwa mkono wa kuume na wa kushoto. Alikuwa na shabaha moja: huyu asishuke mule. Hata hivyo Mickey alionja kazi yenyewe, wakati wa likizo, akipasua mawe makubwa kwa nyundo ili yapite mu chekecheke. Kila mtu wa Kolwezi anajua ile kazi ni ipi. Baba alikufa na kansa mu mwezi wa tano 1952, akiwa na miaka 40. Karte ya mtoto ilitoka miezi tu nyuma yake.

Karibu na Commerce kulikuwa mji mwingine wa migodi, Picher. Kampuni ziliondoka, zikaacha milima ya mabaki yenye risasi ndani. Watoto walikuwa wanaipanda kucheza. Vipimo vya damu vilionyesha risasi mu damu za watoto, na serikali ikanunua nyumba za watu ili wahame. Mu 2009 mji ulifutwa kabisa kama komini. Sisi ambao tunaishi na terili yetu hapa Lubumbashi, hapo tulisoma polepole.

Yule mwingine ni Honus Wagner, mtoto wa wahamiaji Wajerumani, aliyezaliwa 1874 mu Pennsylvania. Aliacha masomo na miaka 12 akaenda mu makaa ya mawe kusaidia baba na kaka zake. Baadaye akawa mchezaji mkubwa wa Pittsburgh, na 1936 alikuwa kati ya watano wa kwanza kuingizwa mu jumba la heshima la baseball. Kati ya 1909 na 1911 kampuni American Tobacco ilitoa karte za wachezaji mu paketi za sigara. Ilimpatia mwandishi mmoja wa michezo wa Pittsburgh ahadi ya dola 10 kama atapata ruhusa ya Wagner. Wagner akakataa, na akamtumia yule mwandishi sheki ya dola 10, ili asipoteze kitu kwa sababu yake. Kampuni ikasimamisha kuchapa. Leo karte zinazojulikana ni karibu 60 tu mu dunia nzima.

Kwa nini alikataa? Wengi wanasema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili ya picha yake. Wengine wanasema alitaka kulipwa. Yeye mwenyewe alikuwa anatafuna tumbaku, na jina lake lilikuwa limeshatumika kuuza sigara kubwa. Sisi, kwa tabia yetu, tunaelekea upande wa pili, lakini hatuoni kama sababu moja inafukuza ingine. Mtu anaweza kuhurumia watoto na kukataa kufanya kazi bure, siku moja.

Fuata njia ya karte moja ya Wagner utaona bei inavyotembea. Mu 1985 ilinunuliwa dola 25.000. Mu 1987, 110.000. Mu 1991 bingwa wa hockey Wayne Gretzky na mwenzake walilipa 451.000. Mu 1996 maduka Walmart waliitoa kama zawadi ya bahati nasibu, na ikaangukia mama mmoja mfanyakazi wa posta ya Florida. Mwanzo wa furaha, mwanzo wa shida: kodi ya zawadi ilikuwa kubwa kuliko uwezo wake. Akalazimika kuiuza, ikafika 641.500. Mu 2000 ikauzwa milioni moja na robo na zaidi, mu 2007 milioni 2,8. Tumejiuliza mara mingi kama yule mama angeweza kungoja. Lakini mshahara haungoji, hata ule wa posta ya Marekani. Anayeuza mapema siku zote ni yule ambaye hana cha kula kesho. Mwenye mali anaweza kufungia mali mu sanduku na kulala.

Halafu kuna mambo ya kupima. Kama vile mawe yetu hayana bei mpaka yapimwe teneri, karte pia haina bei mpaka ipimwe. Kampuni za kupima, kama PSA au SGC, zinaangalia pembe, rangi, mikunjo, zinaipa alama toka 1 mpaka 10 na kuifunga mu plastiki ngumu. Mantle wa milioni 12,6 alikuwa na 9,5. Alama moja chini, bei inaanguka vibaya sana. Ile Wagner ya Gretzky njo karte ya kwanza kabisa kupimwa na PSA, ikapata 8. Ndipo mu 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara aliyeinunua mu 1985, akakiri mbele ya tribinali kwamba alikata pembeni yake ili ionekane mpya. Alihukumiwa mu 2015 miezi 20 ya kifungo, kwa hiyo na udanganyifu mwingine mu minada yake. Mchimbaji aliyewahi kupeleka mfuko wake mu depo, akaona metorex inasoma namba chini ya ile anayoijua, hana haja tumueleze zaidi. Kupima ni mamlaka. Mwenye kupima anapashwa kuangaliwa naye.

Tena msidhani karte yoyote ya zamani ni mali. Mwisho wa miaka ya 1980 Wamarekani wengi waliona bei zinapanda, wakaanza kununua makarto mazima na kuyaficha, ati masomo ya watoto. Kampuni nazo zikachapa bila kipimo. Leo zile karte hazina bei, maana kila mtu alizichunga. Nyingine za 1952 zina bei kwa sababu mama za watu walizitupa. Wakati wa corona mambo yalianza tena: watu wamefungiwa nyumbani, feza ya serikali mu mkono, bei ikaruka. Mu 2021 maduka Target yalisimamisha kuuza karte ndani ya maduka kwa ajili ya usalama, sababu watu walianza kupigana mu parking. Mwaka uliofuata karte ingine ya Wagner, yenye alama 2 tu, iliyochakaa kama noti ya faranga 100, iliuzwa dola milioni 7 na robo.

Na wachezaji, walikula ngapi? Hapa tunasimama kidogo.

Miaka ya 1950 na 1960 Topps ilikuwa inamfuata kijana akiwa bado mu timu za chini, inamsainisha kwa dola 5. Akipanda mu ligi kubwa, dola 125 kwa mwaka. Basi. Kila mtu peke yake, kila mtu na kontra yake, na wengi walifurahi tu kujiona mu chingamu. Mu 1966 wachezaji walichagua Marvin Miller kuongoza chama chao. Miller hakutoka mu michezo. Alitoka mu sendika ya wafanyakazi wa chuma, United Steelworkers, alikokuwa mtu wa hesabu za uchumi. Mu ofisi mpya alikuta kabati bovu ya makaratasi na dola 5.400 mu kasha. Kwanza aliuza kwa Coca-Cola ruhusa ya kuweka sura za wachezaji mu vifuniko vya chupa, dola 60.000 kwa mwaka. Chama kikapata pumzi.

Halafu akaenda kuona mkubwa wa Topps. Huyo akamjibu kwa adabu kwamba hatabadilisha kitu, maana haoni Miller ana nguvu gani. Na ilikuwa kweli: kontra zilikuwa zimesainiwa. Miller hakupiga kelele. Alirudi kwa wachezaji akawaomba jambo moja: kontra yako ikifika wakati wa kuirudilia, usisaini. Hakuna mgomo, hakuna bendera, hakuna kufunga barabara. Kalamu inabakia mu mfuko. Msimu ulipita, karatasi zikarudi Topps bila saini, na ni mkubwa mwenyewe aliyeita mazungumzo. Mu 1968 walipatana: dola 250 kwa kila mchezaji, na asilimia 8 ya mauzo mpaka dola milioni 4, juu ya hapo asilimia 10. Tumeisoma hiyo nafasi mara mbili mu mkutano wetu, tena kwa sauti.

Wenye timu hawakumsamehe Miller. Alikufa mu 2012 bila kuingizwa mu jumba lile la heshima. Jina lake liliingia tu nyuma ya kufa kwake, kwa kura ya 2019.

Ila hata ile asilimia 8 au 10 ni ya karte mpya zinazotoka mu mashini. Karte ikishauzwa, ikipita mkono mpaka mkono, mchezaji hana kitu. Aliyeuza Mantle ya 2022 alikuwa ameinunua 1991 kwa dola 50.000, na faida yote ni yake, kwa sheria safi kabisa. Ufaransa, toka 1920, sheria inampa mchoraji sehemu ndogo kila mara picha yake inauzwa tena, na akifa inaenda kwa watoto wake. Kwa wachezaji wa baseball hakuna sheria ya namna hiyo.

Mantle mwenyewe, akiwa mzee, alikuwa anakaa mezani mu masoko ya karte akiweka saini, na watu wanapanga mstari. Alisema hiyo kazi ilimletea feza kuliko miaka yake yote ya kucheza. Alikufa 1995. Nyumba ndogo ya Commerce ingali, pamoja na kibanda cha mabati ambapo baba na babu walikuwa wanamtupia mpira jioni, nyuma ya mgodi.