Mulika chupa uisikie ikilia

Hebu chukua chupa tupu ya soda upulize juu ya mdomo wake. Inalia “vuuu”, na hata ukiongeza pumzi, sauti ni ile ile. Chupa ina masafa inayoyapenda. Sasa kuna kijumba kinacholia hivyo kwa kumulikwa tu.

Si uchawi, buda. Mwaka wa 1880 Alexander Graham Bell, yule wa simu, aligundua kuwa mwanga ukikatwakatwa haraka na kuangukia kitu, kitu hicho hutoa sauti. Kinapata joto, kinapoa, hewa iliyokigusa inatanuka na kunywea. Masizi ya taa yalilia vizuri sana.

Siku hizi wanasayansi hufunga gesi kwenye seli ya fotoakustika, yaani kijumba chenye dirisha na maikrofoni. Gesi ikiwa nyingi, sauti inapanda. Hivyo ndivyo wanavyopima uchafu wa hewa.

Lakini utajuaje kelele ni ya gesi au ni kijumba kinachojipendelea, kama ile chupa? Lazima ukipime chenyewe kwanza. Unaacha nguvu ya mwanga ilivyo, unabadilisha kasi ya kuuwasha na kuuzima, na kila hatua unaandika maikrofoni imesoma ngapi. Kisha unachora. Ukikaribia kilele, punguza hatua na usubiri sauti itulie.

Hapo ndipo mambo huharibika. Bomba la sentimita 10 lililo wazi pande zote lina kilele karibu na Hz 1,700. Asubuhi ya nyuzi 15 ikigeuka mchana wa nyuzi 28, kilele kinahama kama Hz 40. Usipokifuata, usomaji unashuka na gesi haijapungua hata kidogo. Mtu anakuambia hewa ni safi, na wewe unaivuta tu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Sikulilia cheti, nililia maabara. Basi nilipaka masizi ya mshumaa ndani ya mtungi wa jemu, nikatumia taa ya LED inayopepesa (leza achana nayo, macho hayana spea) na maikrofoni ya simu kuukuu. Kwenye mchoro wangu, masafa ya chini yalikuwa karibu kimya. Nikahangaika siku mbili. Kumbe kifuniko kilivuja! Nikakiziba kwa chingamu, nikapima upande ule tena, mstari ukapanda.