Kondo la Nyuma katika Ayurveda na katika Tiba ya Kisasa

Katika Charaka Samhita, kitabu cha tiba ya jadi ya Kihindi, kondo la nyuma huitwa apara. Kitovu cha kijusi huungana na kiungamwana, kiungamwana na apara, na apara na moyo wa mama uletao rasa, yaani majimaji ya lishe. Maelezo haya yanakaribiana mno na ya kisasa, ijapokuwa leo yajulikana kwamba damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki. Hitilafu kubwa imo katika asili. Sushruta Samhita hulihesabu kondo kuwa zao la damu ya hedhi iliyozuiwa. Sayansi huonyesha kwamba sehemu yake kubwa hutokana na kiinitete chenyewe. (Jina letu la Kiswahili hutaja zamu ya kutoka tu.) Charaka aidha hueleza namna ya kulitoa likikawia, kubaki kwake huweza kumwaga damu ya mzazi hadi kumuua.