Siki Haitengenezi Jibini ya Khachapuri

Swali wanaloulizwa wataalamu wa jibini kuhusu khachapuri, yaani mkate wa ngano uliojazwa jibini ambao ndio unaotambulisha zaidi meza ya watu wa Georgia, nchi iliyo kati ya milima ya Kaukazi na Bahari Nyeusi, ni lile lile kila mara: oveni iwashwe nyuzi ngapi ili jibini iyeyuke? Muulizaji huwa ameshaoka, ameukata mkate ukiwa wa moto, na mahali alipotarajia jibini laini inayovutika amekuta chembe nyeupe zilizokauka mfano wa machicha ya nazi, zimelala juu ya kinyunya kilicholowa maji. Akiulizwa alitumia jibini gani, jibu nalo halibadiliki: alichemsha maziwa, akayakata kwa siki au ndimu, akayachuja kwa kitambaa, kwa sababu maelekezo aliyoyafuata yalimhakikishia kwamba hiyo ndiyo jibini ya kienyeji ya Georgia. Siyo, wala hakuna oveni duniani, ya gesi, ya umeme au ya kuni, itakayoiyeyusha.

Jibini zinazotumika kwa khachapuri kwa desturi ni hasa mbili. Ya kwanza ni ile ya Imereti, mkoa wa magharibi mwa Georgia, ambayo hutengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe, huliwa ikiwa bado changa ya siku chache, na huhifadhiwa katika maji ya chumvi. Ya pili ni sulguni, inayohusishwa na Samegrelo na milima ya Svaneti, ambayo huachwa kwanza ichachuke kiasi, kisha hukatwa vipande na kukandwa ndani ya maji ya moto mpaka itoe nyuzi ndefu, ndipo itiwe chumvi. Zote mbili huanza kwa reneti, kimeng'enya ambacho tangu zamani kilipatikana katika tumbo la ndama anayenyonya na ambacho siku hizi kwa sehemu kubwa huzalishwa viwandani kwa kutumia vijidudu, na kazi yake ni kugandisha maziwa yangali vuguvugu na kabla hayajawa machachu. Hakuna hatua hata moja ambapo mtengenezaji huifikia chupa ya siki.

Tofauti kati ya kugandisha kwa reneti na kukata kwa siki haihusu ladha wala mila, bali inahusu namna protini zinavyoshikana. Protini kuu ya maziwa, iitwayo kaseini, huelea katika vifundo vidogo mno ambavyo ndani yake hushikizwa na kalisi pamoja na fosfeti, na nje yake huzungukwa na vinyweleo vinavyozuia kifundo kimoja kisigandamane na kingine. Reneti hukata vinyweleo hivyo na kuviacha vifundo vyenyewe bila kuviharibu, navyo vikishakosa kinga huungana na kuwa wavu unaonasa mafuta ya maziwa na kubaki na sehemu kubwa ya kalisi yake. Bakteria wa maziwa wanapoendelea kuzalisha asidi taratibu, kalisi hiyo huanza kutoka kidogo kidogo na wavu hulegea, hivi kwamba maziwa yaliyoanza yakiwa na pH ya karibu 6.7 (pH ni kipimo cha uchachu ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi) huishia kuwa jibini yenye pH ya kati ya 5.2 na 5.4, na ni katika eneo hilo jembamba ndipo jibini inayotiwa joto hulainika, hutiririka na kuvutika. Ikiachwa ichachuke hadi kukaribia 4.6, kalisi huwa imetoka karibu yote na uwezo wa kuvutika umekwenda nayo. Ndiyo sababu feta, ambayo nayo huanza kwa reneti, ikiokwa hulainika tu bila kutoa uzi hata mmoja.

Maziwa yaliyochemshwa kisha yakatiwa siki hupita njia nyingine kabisa. Joto likishazidi nyuzi 70 hivi za Selsiasi, zile protini nyingine za maziwa, ambazo kama ingetumika reneti zingeondoka pamoja na maji yanayochujwa, hukunjuka na kujibandika kwenye kaseini, na siki inapoingia mchanganyiko mzima huganda kwa ghafla huku kalisi ikiyeyukia majini. Vifungo vinavyotokea hapo havilegezwi na moto. Moto huvikaza na kuyakamua nje maji yaliyobaki, na maji hayo ndiyo yanayoingia katika kinyunya na kukifanya kionekane hakikuiva. Wapishi wa India, ambao jibini ya namna hii huiita paneer, wanalijua hilo fika, ndiyo maana huitumbukiza vipande vipande katika mafuta ya moto bila wasiwasi wowote wa kuiona ikiyeyuka. Mtu aliyekwisha kula paneer ya kukaanga, akaona jinsi kila kipande kilivyobaki na kona zake zote, ana ushahidi wa kutosha mbele yake, na inashangaza kwamba bado hutegemea maziwa yale yale, yaliyokatwa kwa ndimu ile ile, yageuke tabia kwa kuwa tu yamefunikwa na unga.

Utetezi unaotolewa mara nyingi ni kwamba wanakijiji wa Georgia hawana maabara, kwa hiyo lazima nao wanakata maziwa kwa kitu chenye uchachu. Utetezi huu haujui kwamba Georgia yenyewe inayo jibini ya kuchemsha: ni nadughi, chembe laini zinazopatikana kwa kupasha moto maji yaliyobaki baada ya kutengeneza jibini nyingine, na Wageorgia huichanganya na nananaa, huifunga ndani ya karatasi nyembamba za sulguni na kuila ikiwa baridi. Watu wenye jibini zote mbili jikoni, ya reneti na ya kuchemsha, wamezigawia kazi mbili tofauti, na ile ya kuchemsha hawakuipeleka ndani ya khachapuri inayotakiwa kuvutika. Hawakuhitaji maabara kulijua hilo.

Jibini ya siki ikishashindwa, huanza dawa za kuitibu, na kila moja ni mbaya kuliko iliyotangulia. Kuongeza moto hukausha zaidi kile ambacho tayari kimekauka. Kuongeza siagi huleta mafuta yanayoelea pembeni ya chembe, kwa sababu chembe hizo hazina tena uwezo wa kuyapokea. Kuchanganya yai huifanya jibini ishikamane, ni kweli, lakini kinachoshikamana hapo ni yai lililoiva, na wapishi wengi wa Georgia hutia yai kidogo kwenye jibini nzuri kwa ajili ya kuifunga tu, si kuifufua. Dawa inayosifiwa kuliko zote ni magadi soda, nayo inahitaji maelezo kidogo kwa kuwa haikosi chembe ya ukweli: magadi hupunguza uchachu na hulegeza protini kiasi, ila kinachopatikana ni uji mzito unaonata wenye ladha ya sabuni, na hakuna mlaji aliyeagiza hicho. Magadi yana nafasi halali katika khachapuri, lakini nafasi hiyo imo kwenye kinyunya cha haraka kisicho na hamira, ambapo hukutana na uchachu wa matsoni, mtindi wa Georgia, na kutoa hewa inayouinua mkate.

Wapo pia waliosikia nusu tu ya habari za reneti, wakainunua na kuimimina katika maziwa yasiyofaa. Hapa wasomaji wa Afrika Mashariki, ambao wengi hununua maziwa ya boksi yanayokaa miezi bila friji au hufuata desturi nzuri ya kuchemsha maziwa mabichi mpaka yafure, wanapaswa kuwa makini hasa. Maziwa yaliyopita kwenye joto kali yameshabandikwa zile protini nyingine juu ya vifundo vya kaseini, kwa hiyo reneti haipati pa kukata vizuri na hata ikikata vifundo haviungani sawasawa. Kinachotokea ni kitu kinachofanana na uji wa maziwa ambacho hakikatiki kwa kisu. Kuyatumia maziwa mabichi kama yalivyo si jibu, kwa kuwa ugonjwa wa brusela hauheshimu mapishi. Jibu ni maziwa yaliyopashwa kwa kiasi: nyuzi 63 kwa dakika 30, yakikorogwa muda wote na yakipimwa kwa kipimajoto, si kwa kidole, kisha yapozwe haraka.

Kishawishi cha siki kinaeleweka ukitazama mfuko. Jibini ndiyo inayokula sehemu kubwa ya gharama ya khachapuri, kiasi kwamba taasisi ya uchumi ya ISET iliyoko Tbilisi imekuwa ikifuatilia mfumuko wa bei kwa kukokotoa gharama ya kupika khachapuri moja ya Imereti, na kipimo hicho hupanda majira ya baridi ng'ombe wanapokamuliwa maziwa machache na hushuka kiangazi maziwa yanapokuwa mengi. Hata hivyo lita za maziwa zinazoharibiwa kwa siki nazo zina bei yake.

Njia zinazofaa nyumbani ni hizi. Iliyo rahisi ni kununua mozzarella ngumu ya kukwaruza, si ile laini inayouzwa ikielea majini, na kuichanganya na feta kwa uwiano wa tatu kwa moja au mbili kwa moja kulingana na chumvi ya feta. Mozzarella huleta mvuto, feta huleta chumvi na uchachu, na ingawa Mgeorgia ataitambua kuwa si yenyewe, ataila. Anayepata sulguni, ambayo huuzwa katika baadhi ya maduka ya bidhaa za Ulaya ya Mashariki, aionje kwanza na, ikiwa kali, ailoweke vipande katika maji baridi kwa saa kadhaa huku akibadilisha maji. Anayetaka kutengeneza mwenyewe achukue lita 10 za maziwa yaliyopashwa kama ilivyoelezwa, ayarudishe kwenye nyuzi 32 hadi 35, atie vijiko vichache vya mtindi usio na sukari wenye bakteria hai, asubiri nusu saa, atie reneti kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa baada ya kuizimua kwa maji baridi yasiyo na klorini, aache bila kutikisa kwa dakika 40 hivi, akate, achuje, akandamize kidogo na kutia chumvi. Atapata karibu kilo moja, na ikishakaa siku moja au mbili kwenye friji itakuwa tayari.

Kinyunya hakistahili hofu kinachopewa. Gramu 500 za unga wa ngano, gramu 7 za hamira kavu, kijiko kidogo cha chumvi, sukari kidogo na mililita 320 hivi za maziwa vuguvugu yaliyochanganywa na maji hutosha mikate mitatu, na kinyunya kiwe laini kuliko cha chapati, hata kama kinanata mkononi, kwani anayeongeza unga ili kisinate hupata ganda gumu linalopasuka na kuvujisha. Kikishaumuka kigawanywe, kila donge litandazwe kwa kiganja, liwekewe tonge la jibini lenye uzito unaokaribia wa donge lenyewe, kingo zikusanywe juu na kubanwa, ligeuzwe, lisukumwe taratibu kwa mikono mpaka liwe duara bapa, na litobolewe tundu dogo katikati ili mvuke upate pa kutokea. Liokwe kwa nyuzi 240 kwa dakika 12 hadi 15, au kwenye kikaango kizito chenye mfuniko kwa moto wa wastani huku likigeuzwa mara moja, kisha lipakwe siagi. Hiyo ndiyo ya Imereti. Ya Samegrelo huongezewa jibini juu yake, na ya Adjara, mkoa wa pwani wenye mji wa Batumi, hufinyangwa umbo la mashua lililo wazi, huokwa mpaka kingo zibadilike rangi, hupasuliwa yai katikati na kurudishwa ndani kwa dakika moja au mbili tu, hutiwa kipande cha siagi, ndipo mlaji avuruge vyote pamoja na kuchovya vipande anavyovimega kwenye ncha.

Kwa nyumba ambayo haina jibini ya reneti wala fedha ya kuinunua, Georgia ina mkate mwingine unaofinyangwa vile vile ambao hauhitaji jibini kabisa: ni lobiani, unaojazwa maharage na kuliwa hasa tarehe 17 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Barbara. Maharage mekundu huchemshwa mpaka yalainike kabisa, huchujwa maji yote, hupondwa pamoja na vitunguu vilivyokaangwa, chumvi na pilipili manga, na huachwa yapoe kabla ya kufungwa ndani ya kinyunya. Katika mkoa wa Racha huchanganywa na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, ambayo asiyekula nguruwe anaweza kuiacha na kutumia siagi au samli badala yake.