Mwendo wa Ndege: Umbali ni Mmoja, Saa Mbalimbali

Wanachama wetu wengi wana watoto au ndugu ng'ambo, na msimu ukiwa mwema wapo wanaokata tiketi kwenda kuwaangalia. Nauli ni magunia ya karafuu, na ndege haimngoji mtu. Kwa hivyo twaona yafaa tueleze namna ya kuhesabu safari ndefu. Twachukua mfano wa viwanja viwili vilivyo mbali sana: Perth, magharibi ya Australia, na London, Uingereza.

Mwezi wa Machi 2018 ndege za Qantas zilianza kuruka baina ya miji hiyo bila ya kutua njiani. Umbali wake ni kiasi cha kilomita 14,500, yaani maili 9,000. Umbali huo haupimwi kwa rula juu ya ramani, maana ramani ni bapa na dunia ni mviringo. Chukueni tufe la dunia, kama lile la skuli, mvute uzi kutoka Perth hadi London. Uzi ukikaza, hapo ndipo penye njia fupi kabisa.

Umbali wa kwenda na kurudi ni ule ule, lakini muda si sawa. Kwenda London huchukua kama saa 17 na nusu. Kurudi Perth huwa chini ya saa 17. Sababu yake si ngeni kwa watu wa visiwani. Majahazi ya Arabuni yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi. Huko juu nako, futi 30,000 na zaidi, zipo pepo kali zivumazo kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege iendayo London hupingwa nazo, na irudiyo husukumwa.

Sasa tazameni tiketi. Saa zilizoandikwa ni za mahali penyewe. Wakati wa baridi ya Uingereza, Perth imeitangulia London kwa saa 8. Tuseme ndege imeondoka Perth saa 1 ya usiku, ikaruka saa 17 na nusu. Itatua saa 10 na nusu ya alfajiri kwa saa ya London. Asiyejua atatoa hesabu na kudhani safari ni ya saa 9 na nusu tu.

Tena, tiketi huhesabu saa tangu usiku wa manane, wala si kama sisi. 07:00 ni saa 1 ya asubuhi. 19:00 ni saa 1 ya usiku. 01:00 ni saa 7 za usiku, na siku imeshageuka. Mwenye tiketi ya Ijumaa 01:00 na aende kiwanjani Alkhamisi usiku, ndio usiku wa kuamkia Ijumaa. Akingoja Ijumaa usiku, ndege imekwisha ondoka zamani, na nauli huenda ikapotea.

Basi kabla ya kufunga mizigo, ulizeni mambo matatu: muda wa kuruka, saa ya mahali mnapotua, na usiku ulioandikwa ni wa kuamkia siku gani.